Kuoza Ua Kabla ya Saa Tano

Ua la vanila hufunguka alfajiri na kufa siku hiyo hiyo. Nimeamkia kwenye shamba la vanila mara nyingi, juu ya Bwera, pale migomba inapoanza kuupanda mlima na mtu akigeuka nyuma anaiona Kongo ng'ambo ya mto Lhubiriha, na bado sijauzoea ufupi wa maisha hayo. Mmea umelelewa miaka miwili, pengine mitatu, ndipo ukafunga maua. Kisha ua linapewa saa chache za asubuhi, na jua likipanda linaanza kulegea. Jioni limekwisha kuwa kitambaa kilicholowa.

Rangi yake ni manjano iliyotiwa kijani, kama ganda la ndizi siku mbili kabla ya kuliwa. Harufu yake ni hafifu. Haikufuati njiani kama ya asumini, wewe ndiye unayeinama kuitafuta. Mgeni aliyekuja akiwa na keki na aiskrimu kichwani hushangaa hapo, kwa sababu harufu anayoijua haimo ndani ya ua, na akipasua tunda bichi hataikuta humo pia. Itakuja baada ya miezi mingi, na italetwa na mikono ya watu. Hiyo mikono ndiyo iliyonikalisha kuandika.

Wilaya ya Kasese, Uganda, ambamo Bwera imo, inasifiwa kwa vitu vinavyotoka ardhini. Reli ilifika mjini mwaka 1956 kwa ajili ya shaba ya Kilembe. Chumvi ya Ziwa Katwe ililisha watu na kuwasafirisha kabla reli haijafikiriwa, na Hima kuna saruji. Mtu akiutaja utajiri wa wilaya hii huelekeza kidole chini. Mimi naomba leo tukitazame kidole chenyewe.

Aliyenifundisha ni mama wa Kikonzo mwenye shamba linaloizunguka nyumba yake pande zote: migomba na kahawa kwa ajili ya kivuli, chini yake safu za mbono kaburi, na katika kila mbono mmoja vanila imejizungusha kama nyoka aliyeshiba. Majani yake ni mazito, yana maji ndani, na hubaki ya kijani mwaka mzima, kiangazi na masika. Nilimwendea saa moja kasoro, mwezi wa Oktoba. Alikuwa ameshaanza kazi, ana mwiba wa mlimao katikati ya vidole viwili kama mshonaji aliyeshika sindano.

"Leo tazama tu, mwanangu," aliniambia. "Mikono kesho."

Nikatazama. Mkono wa kushoto unalipokea ua kwa nyuma, taratibu, kama unavyoshika kidevu cha mtoto unayetaka kumfuta uso. Ua la vanila lina petali moja iliyojikunja kuwa mrija, na ndani ya mrija huo kuna nguzo ndogo. Mwiba unaupasua mrija upande mmoja, nguzo inaonekana. Juu ya nguzo kuna kofia yenye chavua, ambayo ndiyo sehemu ya kiume. Chini yake kuna shimo lenye ute wa kunata, ambalo ni la kike. Viko karibu mno, havipishani hata unene wa ukucha. Lakini katikati yao umening'inia utando mwembamba, kama pazia la mlango wa chumbani, na kwa sababu ya pazia hilo wawili hawa waliozaliwa ndani ya ua moja hawawezi kukutana. Mama analiinua pazia kwa ncha ya mwiba. Kidole gumba kinaibonyeza kofia ishuke. Inagusa ute, inanata. Anaachia. Yuko kwenye ua la pili kabla mimi sijamaliza kuelewa la kwanza.

Siku ya pili nilipewa mwiba wangu. Niliharibu maua kumi na moja. Mengine niliyapasua mpaka chini, mengine nilibonyeza kofia bila kuinua pazia, moja lilikatika kikonyo. Mama hakunikaripia. Aliyaokota, akayapanga juu ya jani la mgomba, akaniambia niyahesabu mwenyewe.

"Haya yalikuwa maganda ya mwezi wa saba," alisema.

Sijasahau hesabu ile. Katika mazao mengine mkulima hupoteza kwa gunia au kwa debe. Mvua ya mawe huchukua nusu ya mtama bila kumuuliza mtu. Kwenye vanila hasara ina sura ya ua moja, na faida pia. Kila ganda lililowahi kutoka Bwera, kila moja bila kubakiza, liliguswa na kidole cha mtu fulani asubuhi fulani.

Huko kisiwani Réunion, wanawake wa kazi hii wamepewa kwa Kifaransa jina linalomaanisha wenye kuoza, wenye kufungisha ndoa. Ni jina zuri, lakini Kiswahili kina zuri zaidi, maana kwetu kitenzi hicho kina nyuso mbili. Baba huoza binti. Embe nalo huoza kapuni. Kwa muda mrefu niliona ni ajali ya lugha tu, sauti mbili zilizogongana. Tangu nijue vanila naona kwamba maneno hayo mawili yanakaa nyumba moja. Ua lisiloozwa asubuhi hudondoka kesho yake na kuoza kwenye majani makavu. Lililoozwa vyema halidondoki: linanyauka, linakauka, lakini linang'ang'ania ncha ya tunda linaloanza kurefuka. Hivyo ndivyo fundi anavyojua, akipita kesho kutwa, ni ndoa zipi zimesimama. Shina la mmea likitiwa jeraha au maji yakituama, kuvu huingia na mizizi inaoza. Na ganda likishavunwa, likifungwa na unyevu wa ziada, linaoza baada ya taabu yote. Kazi nzima, tangu kipande cha shina mpaka sandukuni, ni kuoza na kuzuia kuoza.

Kwa nini nyuki asifanye kazi hii? Vanila imetoka Meksiko, ambako Watotonaki waliilima na kuitumia kabla meli za Wahispania hazijafika, na wadudu wanaolizoea ua hili ni wa huko. Iliposafirishwa nje, mmea ulisafiri bila wadudu wake. Ulichanua katika nyumba za vioo za Ulaya, ukachanua katika visiwa vya Bahari ya Hindi, na haukuzaa. Mwaka 1836 mtaalamu wa mimea Charles Morren, mjini Liège, Ubelgiji, aliweza kuuzalisha kwa mkono, ila njia yake haikuingia mashambani. Iliyoingia mashambani ni ya mtoto.

Aliitwa Edmond. Alizaliwa mwaka 1829 Sainte-Suzanne, Réunion, mtumwa, yatima wa mama, bila jina la ukoo kwa sababu watumwa hawakupewa. Bwana wake, Ferréol Bellier-Beaumont, alipenda mimea na alikuwa amemwonyesha jinsi ya kuoza maua ya tikiti. Siku moja mwaka 1841, bwana huyo akitembea bustanini na kijana huyo wa miaka kumi na miwili, aliona maganda mawili juu ya vanila iliyokuwa tasa miaka yote. Edmond akasema ni yeye aliyefanya. Hakuaminiwa. Akaonyesha: kijiti, pazia, kidole gumba. Muda si muda alikuwa akipelekwa shamba hadi shamba kuwafundisha watumwa wengine, na kisiwa kikatajirika. Utumwa ulipofutwa huko mwaka 1848 alipewa jina Albius. Baadaye mtaalamu mmoja alijaribu kudai kwamba ni yeye aliyemfundisha, na Bellier-Beaumont akamtetea kijana kwa maandishi. Utajiri haukumfikia. Albius alikufa maskini mwaka 1880, hapo hapo Sainte-Suzanne.

Kutoka Réunion ufundi ulivuka hadi Madagaska na Komoro, na hatimaye ukaja kwetu bara. Miaka mia na themanini na zaidi imepita, na nilichokiona mkononi mwa mama wa Bwera ni kile kile alichokionyesha Edmond. Mwiba umechukua nafasi ya kijiti. Mengine hayajabadilika, na hakuna mashine iliyouondoa mkono mahali pake.

Bwera imeongeza kitu chake, hata hivyo. Vanila hutoa maua kwa vishada. Kishada kimoja huwa na machipukizi kumi na tano au ishirini, na hayafunguki pamoja. Hufunguka moja leo, jingine kesho, mara chache mawili kwa siku. Wakonzo huwapa watoto majina kwa kufuata zamu ya kuzaliwa, na msichana wa kwanza ni Masika, wa pili Biira, wa tatu Kabugho, wa nne Mbambu, wa tano Ithungu. Mama yangu wa vanila huyahesabu maua ya kishada kwa majina hayo. Akipita asubuhi utamsikia akinong'ona: huyu Masika ameshika, Biira ameshika, Kabugho ni leo. Nilidhani ni mchezo. Ni daftari. Kwa njia hiyo anakumbuka kila kishada kiko wapi, katika safu zote, bila kalamu.

Na hawaozi wote. Hapa ndipo nilipomwelewa kuwa ni fundi hasa. Kwenye kishada kimoja huchagua maua manane hadi kumi, hasa yale yanayotazama chini ili maganda yaning'inie yakiwa yamenyooka, halafu machipukizi yaliyobaki huyavunja. Moyo wangu uliuma alipovunja ya kwanza. Lakini mmea uliobebeshwa maganda ishirini kwa kishada huzaa maganda membamba, mepesi, na wenyewe huchoka, pengine usione mwaka unaofuata. Mtu mwenye tamaa huoza yote. Mtu anayejua huacha.

Kuhusu kuukuza mmea wenyewe, mengi yanafuata adabu hiyo hiyo ya kujizuia. Unakata shina la urefu wa mita moja hivi, unaliacha kivulini siku kadhaa ili jeraha lake lipone, ndipo unalilaza chini ya mbono. Hulifukii shimoni. Mizizi ya vanila hutambaa juu juu, chini ya matandazo ya majani makavu, kwa hiyo jembe haliingii humo kabisa. Magugu yanang'olewa kwa vidole. Kivuli kiwe nusu: jua la Kasese mjini lingeuchoma, kivuli kizito kingeulaza. Mmea ukiachwa utapanda mpaka juu ya mti, usikofika mkono, basi kila unapofika kimo cha mtu unakunjwa na kushushwa chini, na ni kwenye mikunjo hiyo ndipo maua hupenda kutokea. Kiangazi kikikaribia ncha inakatwa. Mmea unakosa maji kidogo, unashtuka, unachanua. Ikweta inaikata wilaya ya Kasese, alama yake ipo kando ya barabara karibu na Kikorongo, na ikweta hutupa viangazi viwili kwa mwaka. Ndiyo maana Uganda huvuna vanila mara mbili, katikati ya mwaka na tena mwaka unapoisha, wakati Madagaska huvuna mara moja.

Kisha miezi tisa. Ni mimba sawasawa na ya mwanamke. Ganda hufikia urefu wake wote ndani ya miezi miwili, sentimita kumi na tano, ishirini, kisha miezi saba nzima inapita na mtu wa kawaida haoni kinachobadilika. Hiyo ndiyo miezi ya wezi. Bei inapokuwa juu wanaume hulala shambani, chini ya turubai, mvua au ukungu. Madagaska wakulima hulichoma ganda bichi kwa pini na kuliandika alama ya mwenyewe, ikue pamoja nalo. Serikali ya Uganda hutangaza tarehe ya kuanza kuvuna, ili anayekamatwa na vanila kabla ya siku aulizwe ameitoa wapi. Ganda lililochumwa mapema lina harufu kidogo, na mnunuzi aliyedanganywa mara moja hulipa kidogo kwa wote, mwizi na mwaminifu.

Mwaka mmoja mama naye alichuma mapema. Jirani yake alikuwa ameibiwa safu tatu usiku mmoja, na asubuhi ile alichuma yake yote, ya miezi saba, akauza kwa bei aliyotajiwa. Alinieleza bila kunitazama. Nimesoma mashauri mengi yanayomkemea mkulima kwa haraka yake, na nakubali kwamba haraka inaliharibu zao. Lakini nilimwona mama aliyejua kuliko washauri wote nini kilihitajika, akakosa tu usiku tulivu wa kulisubiria. Anayetaka vanila iliyokomaa na amsaidie mwenye shamba kulala.

Ganda likikomaa ncha yake huanza kugeuka manjano, rangi ile ile ya ua lililolizaa. Hapo bado halinuki. Harufu imo ndani imefungwa na sukari, na ili ifunguke lazima ganda life. Linatumbukizwa kwenye maji ya moto, nyuzi 63 hadi 65, kwa dakika tatu hivi. Maji yakichemka umelipika, yakiwa vuguvugu hujaliua. Kisha linavikwa blanketi la sufu likiwa bado na moto, likafungiwa sandukuni litoke jasho usiku kucha, na asubuhi limekuwa la kahawia, rangi ya chokoleti. Kuanzia siku hiyo linaanikwa juani saa chache, linafungwa tena blanketini, linaanikwa, linafungwa, siku baada ya siku. Halafu kivulini wiki kadhaa. Halafu kwenye sanduku lililozibwa miezi kadhaa, na kila mara mtu analifungua, analipitisha ganda moja moja kati ya vidole, analinyoosha, analikunja kuona kama litavunjika, analinusa. Lenye ukungu linatolewa lisiambukize wenzake. Kilo tano au sita mbichi hurudi kuwa kilo moja. Wakulima wetu wengi huuza mbichi na kazi hii hufanywa na wengine, mbali. Naliona hilo kuwa hasara kubwa kuliko ya bei, kwa kuwa nusu ya ufundi inaondoka mlimani pamoja na gunia.

Nimeona mara moja tu ganda lililokaa vizuri mpaka likaota weupe. Ni fuwele ndogo za vanilini zinazojitokeza juu ya ngozi nyeusi, nyembamba kama nywele za mtoto. Nililipeleka kwa mama. Alilitazama sana, kisha akatazama juu mlimani, ambako ukungu ulikuwa umefunguka kidogo.

"Nzururu," alisema. Theluji.

Bwera haipigwi na vimbunga, lakini vimbunga vya Madagaska huifikia. Kimbunga Hudah kilipoharibu mashamba ya huko mwaka 2000, bei ilipanda hadi karibu dola 500 kwa kilo ya vanila kavu kufikia 2003. Mwaka 2005 ilikuwa imeanguka kwenye dola 50 au chini yake, na watu waliong'oa miti mingine wapande vanila wakaing'oa vanila. Kimbunga Enawo kilipiga Machi 2017 na mambo yakajirudia. Tangu mwaka 1874 vanilini hutengenezwa maabara vilevile, na nyingi iliyomo kwenye biskuti za dukani ni hiyo. Sina ugomvi nayo. Haikushikwa na mtu, na bei yake inasema hivyo.

Ugomvi wangu ni na neno moja. Katika karatasi za miradi mama huyu huandikwa "mkulima mdogo". Anayetengeneza saa tunamwita fundi, anayeshona tunamwita fundi, anayechonga mlango wa Lamu tunamwita fundi na tunapiga picha mlango wake. Mtu anayeoza maua elfu moja kabla ya saa tano, kwa mwiba wa mlimao, kila moja kwa ndoa yake, na kuzikumbuka zote kwa majina ya wasichana, ni fundi, na malipo yake yahesabiwe kama ya fundi.

Ukipata ganda la vanila, kabla ya kulipasua, tazama ncha isiyo na kikonyo. Utaona kovu dogo la mviringo. Hapo ndipo ua lilipokuwa, na hapo ndipo liliposhikwa.